Gogo la Kadibodi na Msala wa Babu

Harufu ya kadibodi iliyoloa mvua hunirudisha kila mara kwenye uwanja wa shule yetu ya msingi, karibu na mtaa wa Alum Rock, mjini Birmingham, majira yale ya kuchipua aliyokuja Babu. Maduka ya vitambaa ya barabara ile yalikuwa yakitupa nje mabomba marefu ya kadibodi, yale yanayozungushiwa majora, na mwalimu wetu wa michezo, Mskoti mwenye ndevu nyekundu, aliyaokota ili atufundishe mchezo wa kwao wa kutupa gogo. Kwao hutupa mti mzima, mrefu kama nguzo ya simu. Sisi tulifungiwa mabomba pamoja, yakashindiliwa matambara ili yawe na uzito. Mtu hulisimamisha gogo, hulibeba kwa viganja, hukimbia kidogo, kisha hulirusha lipinduke hewani. Wavulana walidhani anayetupa mbali ndiye mshindi. Mwalimu akacheka. "Hatupimi umbali," alisema. "Tunatazama limelala vipi. Likielekea mbele kabisa, pale ilipo namba kumi na mbili kwenye saa ya ukutani, hapo umetupa." Kwa hiyo kila mtupaji alihitaji mwamuzi wa kusimama nyuma yake na kutangaza kwa sauti gogo limeelekea namba gani.

Nikachaguliwa mimi, mtoto wa kunong'ona. Gogo la kwanza lilianguka, nikaliona wazi kuwa limeelekea namba moja, lakini nikanong'ona tu, asisikie mtu. Wote walinigeukia wakisubiri, mvua ikitudondokea. "Betri zake zimekwisha!" akapiga kelele Imran. "Mwalimu, mtie chaji!" Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. "Taratibu," alisema. "Ijumaa ijayo utajaribu tena."

Nyumbani kwetu, mtaa wa Stechford, nilimsimulia Babu. Alikuwa baba yake baba, na alikuja kutoka Mombasa baada ya Bibi kufariki, kwa sababu baba hakutaka akae peke yake. Wadogo zangu walimwelewa lakini walimjibu kwa Kiingereza, kwa hiyo mazungumzo yake mengi yaliishia kwangu. Nilipewa jina la mama yake, Mwanaisha, naye aliniita mama. "Watu wazima wanautupa mti?" alishangaa. "Sisi kwetu tunaupanda!" Alicheka mpaka akakohoa, kisha akapangusa macho kwa ncha ya kikoi. "Mti hauendi ila kwa nyenzo, mama. Na hiyo sauti nayo itapata nyenzo yake."

Yeye mwenyewe alikuwa na jambo lililomshinda. Mombasa kibla kiko kaskazini, na maisha yake yote weupe wa alfajiri ulimtokea upande wa mkono wa kulia. Alipofika Birmingham, ambako kibla kiko kusini-mashariki, mwili haukukubali kusahau. Kila alfajiri alitandika msala, akauweka ule weupe mkono wa kulia kama alivyozoea, akasimama ameipa mgongo nusu ya dunia aliyokusudia kuielekea. Mimi niliamka mapema kwa ajili hiyo tu. Nilimshika mabega kwa nyuma, nikamgeuza polepole mpaka mapambazuko yakawa karibu mbele yake, kisha nikaufuatisha msala miguuni pake. "Ah, nimezeekea kaskazini," alisema kila mara. Ilikuwa kazi isiyohitaji kusema, na niliipenda.

Kabla ya Ijumaa ile kufika, kifua kilimbana, akapelekwa hospitali. Tulipoingia, daktari alikuwa amekwisha kumwambia baba kwamba lililobaki ni dua. Baba akatoa simu, akautazama mshale wa kibla: ulielekea mlangoni, na kitanda kilielekea dirishani. Baba akaketi, akafunika uso kwa viganja. Babu alinitafuta kwa macho. "Mama," alisema, "nigeuze." Nikamshika mabega kama kawaida, lakini kitanda hakikuwa msala, magurudumu yake yalikuwa yamefungwa, na mirija ilimshikilia mkononi. Mama akaninong'oneza, "Tusiwasumbue watu, mwanangu. Wana kazi nyingi." Wauguzi walipita mbele yetu, na kila aliyepita nilimfungulia mdomo bila kitu kutoka. Babu akasema tena, "Mama," kwa sauti ndogo kuliko yangu.

Kimya kingi kina mshindo. "Kitanda kimeelekea siko!" nilipaza. "Mbele ni kule!" Wagonjwa wa upande wa pili wakainua vichwa. Akaja muuguzi mmoja, mwanamke wa makamo. "Kule wapi, kipenzi?" Nikamwonyesha mlango. Hakuuliza sababu. Alifungua breki kwa mguu, akamwita mwenzake, wakakizungusha pamoja na mirija yake. "Hapa?" "Bado kidogo. Hapo." Babu akafumba macho, na uso wake ukalegea kama wa mtu aliyevua viatu. Alifariki kabla hakujapambazuka.

Ijumaa ile sikwenda shule, tulikuwa makaburini. Wiki iliyofuata nilisimama nyuma ya Imran, gogo likapinduka, nami nikatangaza, "Kumi na mbili!" hadi sauti ikagonga ukuta wa shule. "Nani amemtia chaji?" akauliza Imran. Kisha akaniona uso, akalikimbilia gogo.

Siku hizi nafanya kazi dukani, naita wateja siku nzima, na hakuna anayeamini kwamba niliwahi kunong'ona. Nyumbani kila mtu ana mshale wake kwenye simu, kwa hiyo hakuna anayemgeuza mwenzake. Mwaka jana nilikwenda Mombasa kwa mara ya kwanza, nikalala kwa shangazi, katika chumba alichokuwa akilala Babu. Alfajiri niliamka na usingizi machoni, nikatandika msala kuuelekea weupe wa mashariki, kama nilivyozoea Stechford. Sikuwa nimeanza kusali niliposikia mikono miwili mabegani. Alikuwa shangazi. Alinigeuza kushoto, polepole, mpaka mapambazuko yakawa mkono wangu wa kulia, kisha akainama kuufuatisha msala miguuni pangu. Nikasimama pale nikilia, nimeelekea kaskazini.