Kitabu Kimoja cha Hesabu, Watu Watatu

Jino langu la mbele lilivunjwa kwa mpini wa jembe, Ijumaa moja jioni, katika chuo cha ualimu nilichosoma Ufipa enzi za Mwingereza. Aliyelivunja alikuwa na haki ya kukasirika.

Mwalimu wa hesabu alikuwa ametutangazia kwamba atakayeshindwa mtihani wake atafungasha virago. Kitabu chake kipya hakuna aliyeimudu bei yake. Jumamosi tukaenda mjini watu watatu: mimi, mwenzangu mpole wa Pito, na jamaa mmoja wa Milepa, kule bondeni, mwenye mikono mizito na hasira za karibu. Katika duka la mzee mmoja Mwislamu, nyuma ya magunia ya chumvi, tulikikuta kitabu kilekile, kimetumika, jalada limeliwa na mende.

"Shikamoo, mzee. Hiki bei gani?"

"Marahaba. Watu watatu, kitabu kimoja? Mtakipasua!" Akacheka, akatupunguzia bei. Tukachanga sawasawa.

Wenzangu wakanipa kazi ya kupanga ratiba. Nilikaa na karatasi, nikitafuta nafasi kati ya vipindi vya darasani, sala na zamu za kazi. Nikajipa Jumatatu na Jumanne, siku za somo lenyewe. Wa Pito nikampa Jumatano na Alhamisi. Wa Milepa nikampa Ijumaa na Jumamosi, huku nikijua fika kwamba Ijumaa kundi lake hulima shamba la chuo mpaka jua lizame, na Jumamosi huchanja kuni za jikoni. Alikuwa akinishinda hesabu kila jaribio, na jambo hilo lilinichoma.

Wiki mbili alivumilia. Ijumaa ya tatu alinikuta nyuma ya bweni, kitabu kimefunguka mapajani mwangu. Alikuwa ametoka shambani, udongo hadi magotini, mpini wa jembe mkononi.

"Leo siku ya nani?" akauliza.

"Yako. Lakini Ijumaa wewe huwa shambani."

"Na ratiba aliandika nani?"

Nikainamia kitabu. Mpini ulinipata mdomoni. Nikaanguka, nikameza damu na kipande cha jino. Aliponiinamia kuchukua kitabu nilimng'ata sikio, nikashikilia mpaka akapiga yowe. Akanigonga kichwa ukutani, mara mbili, mara tatu. Kitabu kilipasuka katikati yetu. Wa Pito alijaribu kutuamua, akapigwa kiwiko cha jicho, akakaa chini akilia.

Mkuu wa chuo, Mzungu aliyeamini fimbo kuliko maneno, alitusimamisha mbele ya wote.

"Nani alianza?"

Wa Milepa alinitazama, damu ikimtiririka shingoni. Alingoja niseme. Nilinyamaza, mdomo umevimba, nikauacha uvimbe uwe kisingizio. Alilazwa juu ya benchi, mwanamume mwenye mke na mtoto, akachapwa viboko kumi na viwili. Hakutoa sauti. Kisha akafukuzwa.

Asubuhi nilikwenda kwa mkuu, nikamweleza habari ya ratiba. Hakuinua macho.

"Kesha kwenda," alisema. "Rudi darasani."

Mtihani nilifaulu. Likizo ilipofika niliteremka bondeni kwa miguu mpaka kwao Milepa. Baba yake alikuwa uani akisuka kamba. Nilimwamkia, nikapiga magoti, nikamweleza yote tangu mwanzo, bila kuacha la Ijumaa wala la viboko. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasimama, akanizaba kofi lililoniangusha, akanizaba la pili nilipoinuka. Sikujikinga.

Mama yake alitoka ndani na kata ya maji, akaniweka kivulini. "Kunywa," alisema. "Yuko shambani. Amesikia kwamba umekuja. Hataki kukuona."

Nikanywa, nikamshukuru, nikaanza kupanda mlima.