Moshi mu Atelier Yenye Haina Moshi

Haya ya uso nilipata, siwezi kukatala, Kenya yote, hii komini yetu ya Lubumbashi, iliona, na benye habakuona balielezwa na benye baliona, tena kwa kuongeza chumvi. Kwa hiyo muache niwaeleze miye mwenyewe, Mama Bijou, juu nimechoka kusikia habari yangu mu kinywa ya bengine.

Mi ninatengeneza sanduku za betri. Unaweka plaki ya jua juu ya mabati, jua inajaza sanduku, mangaribi unawasha taa yako na hauombe mutu. Tuko bamama ine mu atelier, ile karakana yetu, na sanduku zetu ziko mbaya kuangalia (rangi tulipata paka ile moja tu, ya bluu ya milango) lakini zinatumika. Shida yetu ilikuwa karatasi. Bila otorizasyo ya Serikali ya kutengeneza, pile za ndani, zile betri ndogo zenye tunaagiza, zilikuwa zinalala Kasumbalesa, kule ku mupaka, pamoja na makamyo, ba duane, bantu ya ushuru, banauliza kila mara ni fabrique gani hiyo, kiwanda ya nani, na mara hii zilikuwa zimelala wiki tano, bamama yangu banakuya asubui banakaa tu, banaangaliana. Ku biro ya industrie baliniambia komisyo ikipita, ikiona kazi, ikitia sahihi, tutaingia mu liste ya ba atelier benye Serikali inasaidia, na pile zitapita. Basi tuliingoja ile komisyo sawa mutu anangoja mvua.

Sasa munajua shiye bantu ya Lubumbashi. Komisyo haipokelewe hivi hivi. Inataka viti, inataka muziki, na zaidi ya yote inataka kinywaji baridi, juu kumupa mukubwa kinywaji ya moto ni kama umemutukana na mama yake. Yaya yangu Thérèse (yeye njo mukubwa wetu, baba alikuwa mutu ya reli, kwa hiyo Ya Thérèse anajiona anajua bakubwa yote) aliniambia kama komisyo inakunywa moto, dosie yangu nayo ihesabu imekufa. Na courant, umeme ya muji, ilikuwa imeenda tangu siku ya kwanza ya juma, na sanduku yangu haina nguvu ya kusukuma frigo. Ningesema paka vile. Mutu mwenye akili angesema paka vile! Lakini miye nilienda kuazima groupe ya Papa Kalenga, jirani yetu mwenye kunyoa bantu, ile mashini yake ya mafuta ya kutoa courant, tukaificha nyuma ya atelier, tukaifunika na magunia, nikapitisha waya chini ya sanduku ya bluu mpaka ku frigo ya kuazima na ku muziki, na muziki tukaweka nguvu juu groupe isisikilike. Nikaambia moyo yangu kama hii haiko bongo, haiko kudanganya, ni mapokezi.

Komisyo balikuya batatu. Mukubwa wao alikuwa mama moja, Madame Odette, mutu wa maneno kidogo na mikono mingi, anagusa kila kintu. Balikunywa baridi, balifurahi. Halafu akauliza kama ni hii sanduku njo inasukuma frigo.

"Njo yenyewe, Madame."

Ilitoka mu kinywa mbele niifikirie. Na ningeishia pale, labda ingepita, lakini miye nikipata micro siachi, nikasimama nikaanza kusoma diskuru, ile hotuba niliandika, kama kwetu hakuna mafuta, hakuna makelele, hakuna moshi, na pale pale pa kusema moshi, ule bwana wa pili wa komisyo akaanza kukohoa. Magunia yalikuwa yameshika moto ya groupe. Moshi ilipita mu matundu ya mabati, nyeusi, taratibu, inashuka juu ya vichwa ya bakubwa, na miye (Eeh Yesu) nikaendelea kusoma.

Na bado. Papa Kalenga alikuwa amenipa groupe kwa saa moja tu, na diskuru za kwetu zinaishaka saa moja? Alikuwa ananyoa na mashini yake ya chaji, chaji ikaisha mu katikati ya kichwa, na yeye akaingia mu atelier yangu na kofia mu mukono, nyuma yake kliyan na kitambaa mu shingo, upande moja imenyolewa, upande ingine bado.

Alisema na eshima yote: "Munisamee bakubwa. Mama Bijou, ninaomba groupe yangu, huyu papa iko na matanga saa nane, haiwezi kufika nusu."

Akapita nyuma, akatoa magunia, akazima. Muziki ikafa. Frigo ikafa. Bantu benye balikuwa inje ku lupango bakacheka mpaka kukamatana mabega, Ya Thérèse akaficha uso mu kitenge. Na sanduku yangu ya bluu ilikaa pale na taa yake kidogo ya kijani, imejaa, hakuna mutu mwenye alikuwa ameiomba kitu.

"Mama Bijou," Madame Odette alisema, "hii sanduku yako ni ya bongo."

Machozi ilikuwa karibu, sitawadanganya. Lakini kile kintu kiliniuma. Municheke miye, sawa, lakini sanduku?

"Apana, Madame. Sanduku haikusema kintu. Mwenye kusema bongo ni miye."

Nikanyofoa ule waya mbele ya macho ya bote, nikatia kiti mu katikati ya atelier, nikamukalisha ule papa, nikamuambia Papa Kalenga aunganishe mashini yake ku sanduku. Akanyoa upande wenye ulibakia. Nikawasha taa ine pamoja, nikawasha ventilateur, ile feni, mashini inaendelea kunguruma, na ule papa akaomba na ndevu zinyolewe, juu aliona ni bure. Madame Odette alisimama nyuma yake, akaweka mukono juu ya sanduku asikie kama inapata moto, akaandika, akaandika tena. Sahihi hakutia. Alisema ataandika yote mbili, bongo na kunyoa, na nilete barua mupya yenye kusema sanduku inafanya nini kweli.

Asubui yake nilileta. Niliandika inawasha taa ine, ventilateur na mashini ya kunyoa, haisukume frigo, na ile frigo ya siku ile nilidanganya. Ya Thérèse alitaka tutoe ile mustari ya mwisho. Nilikatala, na ilipigwa kashe, muhuri ya biro, nayo ndani.

Ku soko sasa bananiitaka Mama Moshi. Baite, ninaitika. Miye kudanganya komisyo tena, hata siku moja. Pile zetu zingali Kasumbalesa, na komisyo inarudi siku ya ine ya juma. Frigo nimerudisha kwa mwenyewe, muziki hakuna, maji itakuwa moto. Nimepanga viti tatu ya komisyo na moja ingine pembeni ya sanduku, na Papa Kalenga nimemuambia siku ile alete kichwa yenye nywele mingi.