Redio ya Jogoo na Redio ya Swala

Wenzangu mliozaliwa kabla bendera haijabadilishwa, mnakumbuka redio ilivyokuwaga inaingia nyumbani. Ilikuwa inaingia kama bibi harusi. Baba aliuza pamba Bunda, akarudi anakokota baiskeli, hakuipanda, kwa sababu kwenye keria alikuwa amefunga boksi na hakutaka mashimo ya barabara yalitikise. Sisi watoto tulikuwa tunacheza rede nyuma ya zizi. Tuliacha mpira wetu wa matambara palepale tukamfuata: mimi Nyabise, rafiki yangu Nyamisi, mdogo wake Bwire, Wegesa mwenye kengeza, na mbwa.

Redio yenyewe ilikuwa na picha ya jogoo mwekundu. Jina la kiwanda liliandikwa Kizungu, hakuna aliyeweza kulisoma, kwa hiyo tukaiita Jogoo. Mama akaifumia kitambaa cheupe chenye maua, ikakalishwa juu ya meza ndogo, na baba akatuambia, "Atakayeigusa, mkono wake nitautundika pale juu ya mlango." Tukawa tunakaa mbali, tunanusa. Redio mpya ina harufu yake, harufu ya dukani, na ile ilikaa ndani mpaka moshi wa jikoni ulipoishinda.

Nyumba ya pili kutoka kwetu alikaa mzee Mafuru, baba yao Nyamisi na Bwire. Yeye redio yake ilikuwa na picha ya swala. Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari, ukikohoa jirani anakupa pole. Zamani kila mtu alikaa shambani kwake huko mbali, redio ya mwenzako huisikii. Sasa Jogoo na Swala wakawa wanasikilizana, na ubishi ukaanzia hapo. Siku za shamba la kijiji, baba na mzee Mafuru walipalilia pamba bega kwa bega wala hawakuongea habari ya pamba.

"Jogoo wako anawika akishiba mawe mapya tu," mzee Mafuru alikuwa anasema. Betri tulikuwa tunaziita mawe.

"Afadhali wangu. Swala wako mwoga, mtu akipiga chafya anakimbia stesheni."

"Anakimbia akisikia sauti yako, Magesa."

Kijiji kikagawanyika. Watu ambao hawajawahi kumiliki hata tochi walikuwa na msimamo. Aliyekuwa na mjomba mwenye Jogoo alisema Jogoo ni chuma. Aliyewahi kuona Swala imetumbukia kwenye beseni la kufulia, ikaanikwa na kuimba tena, huyo humwambii kitu. Hakuna aliyejua viwanda hivyo viko nchi gani. Kila mmoja alipima kiwanda kizima kwa kile kisanduku kimoja alichokiona kwa macho yake, na mimi mpaka leo siwacheki, maana wangepimia nini kingine?

Mama peke yake hakushabikia. Kazi yake ilikuwa kuanika mawe juani, pembeni ya udaga wa muhogo, kwa sababu jiwe lililochoka ukilipasha jua linapata nguvu kidogo. Kwenye duka la ushirika kuna miezi mawe yalikuwa hayapatikani kabisa, kama sabuni, kama sukari. Mzee Mafuru alikuwa mpimaji wa pamba, na dereva wa lori la pamba akitoka Musoma alimletea mawe. Sisi tulikuwa na jua.

Basi bibi, mama yake mama, akaugua, akalazwa Musoma. Simu hakuna. Mjomba Masatu, aliyekuwa fundi cherehani mtaa wa Mukendo palepale Musoma, akaja siku moja akamwambia mama, "Dada, wewe sikiliza matangazo ya mchana. Likitokea lolote nitalipeleka redioni."

Toka hapo mama akawa mtu wa Jogoo. Kila mchana aliacha sufuria motoni, akakaa chini mbele ya ile meza, miguu ameinyoosha, akasikiliza majina ya marehemu wa nchi nzima. Watu wa Tabora, watu wa Lindi, hawajui kabisa, lakini alikuwa anawapa pole kwa sauti, mmoja mmoja. Matangazo yakiisha bila jina letu anashusha pumzi na kurudi jikoni. Tulikuwa tunakula ugali ulioungua na furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wamekauka kama vijiti. Hatukulalamika. Kila ugali ulioungua maana yake bibi yuko hai.

Siku ile nilikuwa mlangoni namsuka Nyamisi. Sauti ya redio ilikuwa imeanza kushuka tangu asubuhi. Mama akatoa mawe, akayang'ata kidogo kama walivyokuwa wanafanya watu wote, akayarudisha. Mtangazaji akasoma: "Ndugu Masatu wa Musoma anasikitika kutangaza kifo cha..." Jogoo akanyamaza. Hakukoroma hata.

Akina Masatu wa Musoma ni wengi. Nafikiri mama alikuwa anajiambia hivyo. Akaipiga redio kofi moja dogo, kama unavyomwamsha mtoto. Halafu akainuka akakimbia, kanga imebaki sakafuni.

Mimi na Nyamisi tukamfuata. Kwao Swala alikuwa anaongea vizuri kabisa. Mama Nyamisi alikuwa ameshika mwiko, na alipomwona mama akauweka chini.

"Kaa kwanza," akasema.

"Niambie hivihivi."

"Hapana, mama Nyabise. Kaa, nitakwambia."

Mama akakaa. Mama Nyamisi naye akakaa kwenye vumbi lilelile, akamshika mikono yote miwili, ndipo akamwambia kuwa ni mama yake, na mazishi ni kesho Buhare, kulekule Musoma. Mzee Mafuru, mtu wa maneno mengi, alizima redio yake akaenda moja kwa moja kumtafutia mama nafasi kwenye lori la pamba. Mama alifika. Alimzika mama yake.

Baba alikuwa mnadani na ng'ombe. Aliporudi akaomba mawe mapya kwa mzee Mafuru, na Jogoo akaimba kama hakuna kilichotokea. Aliimba miaka mingi. "Yalikuwa ni mawe, mama Nyabise," baba alikuwa anamwambia. "Redio haina kosa."

"Inaongea kila siku," mama alikuwa anajibu. "Siku niliyoihitaji mimi ndiyo ilinyamaza."

Walibishana hivyo mpaka wakazeeka. Mama akienda dukani, hata kama ni tochi, hata kama ni pasi, aliuliza kwanza ina picha ya mnyama gani. Mimi nimeishia darasa la nne, lakini jambo hili nimeliwaza sana. Baba alikuwa anaongelea mawe, na alikuwa sahihi. Mama alikuwa anaongelea siku ile, na siku ile huwezi kumrudishia mtu pamoja na mawe mapya ukamwambia ajaribu tena.

Mwaka juzi mjukuu wangu Neema alininunulia simu. "Bibi, hii wameisifia watu wengi mtandaoni," akaniambia.

"Ni akina nani hao?"

"Siwajui, bibi. Ni watu tu."

"Wameshafiwa nayo?"

Akacheka, akafikiri natania.

Simu ni nzuri, siisemi vibaya. Mwaka jana ndiyo iliyonipa habari ya kifo cha Nyamisi. Ujumbe uliingia niko jikoni, na mimi kusoma nasoma polepole, herufi kwa herufi, nikafika mwisho nimesimama peke yangu. Chaji ilikuwa imejaa, mtandao haukukatika. Nikatoka nje nikatazama nyumba za jirani, mageti yamefungwa, kila mtu yuko ndani na simu yake nzima. Enzi zile redio zetu zilikuwa zinatukatikia njiani, lakini kila mtu alikuwa na mlango wa kukimbilia.