Majivu ya Mikoko Uwanjani Garsen

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa ndoo, vigingi na kamba yenye mafundo. Kamba ilikuwa ya marehemu mume wangu. Yeye ndiye aliyekuwa mchora viwanja, na alipofariki hakuna aliyejua kila fundo ni kipimo cha nini. Mimi nilijua, kwa sababu niliyafunga kwa mikono yangu. Kusoma sikusoma.

Miaka hiyo ya hamsini shule na vyuo vilishindana mpira huku mtoni, na lori letu lilitangulia. Unapigilia vigingi, unavuta kamba mpaka ikaze, unamwaga chokaa ukirudi kinyumenyume. Ukifanya haraka mstari unapinda. Tukimaliza tunaondoka kabla timu hazijafika. Kijiji cha Nanighi hivyo, cha Idsowe hivyo. Nililala peke yangu kwenye stoo za shule, mwanamke mmoja kati ya wanaume wa lori. Nani kashinda, nilisikia baada ya wiki, kama msiba wa watu wa mbali.

Mwaka mmoja chuo cha mdogo wangu Yona kilipangiwa kucheza Garsen. Yona nilimlea mimi, mama alipotutoka. Tangu aende chuo, miaka miwili, sikuwa nimemwona. Nikamwomba Bwana Michezo, mkubwa wetu, anipe siku moja.

"Mama, umeajiriwa kuchora au kutazama?"

"Kuchora, bwana."

"Basi chora. Asubuhi tunaondoka."

Chokaa ilikuwa imekwisha. Nikatumia gunia la majivu ya kuni za mikoko tulilopakia Kipini. Mikoko huota kwenye maji ya chumvi, na majivu yake yana chumvi. Alfajiri ng'ombe wa Waorma walipita kwenda kunywa maji. Kulipokucha, mistari yote imelambwa.

Mzee mwenye ng'ombe alicheka. "Mama, chumvi yako tamu. Ng'ombe nasema asante."

Bwana Michezo hakucheka. "Ulisahau kuwa yana chumvi?"

"Nilisahau, bwana."

"Utabaki uchore upya. Sisi tunakwenda. Kwenu utarudi kwa miguu."

Nikabaki, nikachora kwa majivu ya jikoni mwa shule. Alasiri Yona alikuja kupiga kona. Akauweka mpira juu ya mstari wangu, akainua macho.

"Dada? Shikamoo."

"Marahaba. Piga, wanakungoja."

Akapiga. Walifungwa. Mpira ulipokwisha lori la chuo likawabeba upesi wawahi kivuko, nami nilikuwa upande wa pili wa uwanja na ndoo yangu. Nikatembea mpaka kwetu Kilelengwani.

Nilichora mpaka magoti yakakataa. Viwanja vingi, mechi moja. Yona alipelekwa kufundisha mbali, akaoa huko, akazikwa huko.

Wajukuu huniuliza kama sikuona aibu kumdanganya mkubwa. Niliona. Lakini mtu aliyekulia Kilelengwani anajua ng'ombe hupenda nini. Kamba ipo, imetundikwa ukutani. Nimesema anayetaka kujua mafundo yake aje nimfundishe. Mpaka leo hajaja mtu.