Maiki Iliyomuuma Dada Yangu

Sitaki kudanganya: miaka ile ya sabini hakuna fundi wa redio za upepo aliyejivuna kama mimi pale Kasulu. Hospitali yetu ilikuwa na redio moja, na zahanati ya Mabamba, kule mpakani, ilikuwa na nyingine. Mkunga wa Mabamba alikuwa dada yangu mkubwa. Mzazi akishindwa kujifungua, dada aliita gari kwa redio hiyo. Njia nyingine haikuwepo.

Antena yao ilikuwa na waya mbili, mmoja kulia, mwingine kushoto. Kati ya antena na redio nilifunga transfoma ndogo niliyoisuka mwenyewe kwa kuzungushia waya kwenye pete nyeusi ya madini ya chuma, igawe nguvu sawasawa pande zote mbili. Kabla ya kuipeleka nilisuka pacha wake, nikaziunga zikitazamana, nikapima nguvu inayoingia na inayotoka, kisha nguvu iliyopotea nikaigawa kwa mbili, kila moja na sehemu yake. Karibu hakuna kilichopotea! Siku ile nilitembea mjini kifua mbele.

Haukupita mwezi dada akaandika kwamba maiki inamuuma midomo. Nilicheka mpaka machozi. Barua ya pili haikuchekesha: redio wameifunika shuka, wauguzi wanaiogopa, na mganga mkuu ameagiza gari la dawa litakapokwenda lirudi nayo.

Nilimkimbilia yule pacha aliyebaki mezani. Safari hii nilipima kila upande peke yake dhidi ya waya wa ardhini. Kulia mshale wa mita ulipanda, kushoto ukasuasua. Mjinga mimi! Nilipima upotevu, ulinganifu wa pande mbili sikuugusa. Nguvu iliyozidi upande mmoja ilikuwa inarudi kwa nje ya waya unaotoka antena kwenda redioni, mpaka kwenye maiki, mpaka midomoni mwa dada yangu.

Kosa lilikuwa usukaji: nilimaliza upande mmoja ndipo nikaanza wa pili. Ilitakiwa waya tatu, mmoja wa redio na mbili za antena, ziende pamoja, nazo zilikuwa zinanifumuka mkononi. Mama yangu, aliyekuwa kando akisokota kamba za vikapu, alichoka na manung'uniko yangu. Akaninyang'anya waya, akaziviringisha pajani kama katani, zikashikana.

“Haya zungusha, uache kelele,” akasema.

Nikazungusha, nikapima. Kulia na kushoto mshale ulisimama palepale! Nikabadilisha ncha nikidhani mita inanidanganya. Palepale tena. Nilimkumbatia Mama mpaka akanisukuma.

Nilipanda gari la dawa mwenyewe. Mabamba niliruka chini kabla halijasimama vizuri, nikapita baraza mbio, nikafunga transfoma mpya. Dada alisita kushika maiki, akaniambia nianze mimi. Niliigusisha midomo. Haikuuma, na Kasulu wakajibu mara moja.

Nilimgeukia nikingoja sifa. Akanipokonya maiki.

“Kasulu, andaeni chumba cha upasuaji. Nina mzazi hapa tangu jana, namleta na gari hili.”

Mzazi mwenyewe alikuwa amelala kwenye mkeka pale barazani. Nilikuwa nimemruka nikiwahi transfoma yangu.