Mpira wa Filta ya Zamani

Mwezi uliopita nilikwenda Mudhaibi, kwetu Oman, kumtazama mama, nikamkuta ndugu yangu na fundi kwenye banda letu la gari. Anataka kulitia vigae. Katikati ya sakafu pana doa jeusi la oili, kubwa kama sinia la pilau, na fundi alikuwa amechutama analikwangua kwa patasi. Ndugu yangu alisema kila banda lina doa lake, litafunikwa tu. Mimi nilibaki mlangoni. Doa lile nililimwaga mimi, na ndugu yangu hakuwa amezaliwa bado.

Wacha nikuhadithie, maana sijapata kumhadithia mtu kwa utulivu, tangu mwanzo mpaka mwisho.

Nilikuwa na miaka kumi, na ilikuwa likizo ya kiangazi. Wakati huo tende zinaiva, nyumba nzima inanukia tende na iliki, na ukitoka nje saa nne ya asubuhi jua linakurudisha ndani. Tukikaa watu wanne: baba, mama, mimi, na bibi mzaa baba. Baba akifanya kazi jangwani, mbali kupita mji wa Adam, wiki mbili huko na wiki mbili nyumbani. Bibi alizaliwa Unguja, akaolewa Tabora na mtu mwenye malori, akaja Oman mtu mzima kabisa. Alikuwa mwembamba, mcheshi, na figo zake zilikuwa zimekufa. Kila Jumamosi, Jumanne na Alkhamisi mama akimpeleka hospitali Ibra kusafishwa damu. Tukiondoka baada ya sala ya alfajiri, bibi kiti cha nyuma na mto wake, mimi pembeni yake nimeshika chupa ya chai.

Bibi mwenyewe aliwahi kunieleza, bila kuficha, kwamba akikosa kwenda, maji yatamjaa mwilini mpaka moyo ushindwe. Alisema hivyo huku anachagua mchele. Mimi tangu siku ile nikiamka usiku kusikiliza kama anapumua.

Ijumaa moja, kabla hajarudi kazini, baba alibadilisha oili ya gari mwenyewe, kama alivyozoea. Gari ilikuwa ya juu, ya kupanda majabali, mtu anaingia chini yake bila ya jeki. Nilimshikia taa. Alipokwisha kuitoa filta ya zamani, alitoka kwenda kutafuta mpya stoo, akaniambia niingie chini na kitambaa.

"Pangusa pale pa duara inapokaa filta, kisha pitisha kidole," alisema. "Ule mpira wa filta ya zamani mara nyingine hubaki umegandia. Ukibaki, mpya haitokaa sawa."

Niliingia. Lakini nilipolala chali na kuliona kile chuma kizito juu ya uso wangu, pumzi zilinikatika. Niliona kama gari itanishukia. Tone la oili ya moto likaniangukia shingoni, nikapitisha kitambaa mara moja, macho nimefumba, nikatoka mbio.

"Umeangalia?" baba aliuliza aliporudi.

"Nimeangalia."

Akaniamini, akafunga filta mpya, akaoga, akaenda msikitini. Kesho yake wenzake walikuja kumchukua, wakaondoka naye kwenda jangwani.

Safari ya Jumamosi ilipita salama. Ya Jumanne pia, ingawa asubuhi ile niliona matone mawili chini ya gari, nikayafukia kwa mchanga kwa kidole cha mguu. Alkhamisi tulikuwa tunarudi kutoka Ibra, bibi amelala, hoi kama anavyokuwa siku zote baada ya mashine, na ndani ya gari kukaanza kunuka kama sufuria iliyoungua. Moshi ukatoka pembeni mwa boneti. Mama aliweka gari kando, akazima, akatuambia tutoke.

Bibi hakuweza kutoka. Miguu ilikataa. Mama alimvuta kwapani, mimi nikamshika miguu, tukamweka chini ya kivuli kidogo cha mti wa mgunga. Nilikuwa nimeshasikia habari za gari zilizoungua njiani, na nilisubiri kuona moto. Haukuja. Moshi ulipopungua, mama alipima oili kwa kile kijiti chake, kikatoka kikavu karibu chote. Oili ilikuwa inavuja na kuangukia bomba la moshi. Galoni ya akiba ilikuwepo nyuma, akaijaza, tukarudi polepole hata punda angetupita. Njia nzima niliangalia mishipa ya shingo ya mama.

Jioni alimpigia baba simu. Baba alisema gari isiende popote mpaka ijulikane inavuja wapi. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, mafundi wa sanaaya, mtaa wa gereji, wamefunga. Jirani yetu, ambaye siku nyingine angetupeleka, alikuwa Sur kwenye harusi na watu wake wote. Mjomba aliahidi kuja kutoka Muscat, lakini asingefika kabla ya Jumamosi jioni, na mashine ya bibi ilikuwa Jumamosi asubuhi.

Ijumaa asubuhi mama alifunga kanga kiunoni, akaingia chini ya gari. Alitoka amepakaa oili mpaka kwenye nyusi. Injini nzima imelowa, alisema, haijulikani chanzo.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mlango wa jikoni. "Ioshe," alisema. "Ipanguse ikauke, kisha irushie unga. Marehemu mume wangu akifanya hivyo na malori yake. Uwashe kidogo tu. Unga utakapolowa kwanza ndipo inapotoka."

Basi mama akaosha injini kwa sabuni ya vyombo, akaipangusa kwa shuka kuukuu, na mimi nikapewa kazi ya kupeperusha unga wa ngano. Injini ikawa nyeupe. Kwa mtoto mwingine ungekuwa mchezo. Mimi nilikuwa najua mstari mweusi utatokea wapi.

Mama akawasha, akahesabu kidogo, akazima, akaingia tena chini na taa.

"Kwenye filta," alisema kutoka kule chini. "Inatoka kwenye filta."

Aliikaza kwa mikono miwili, akapangusa, akarusha unga tena, akawasha. Safari hii ulitoka unyevu kidogo tu, kama jasho. Akatoka anacheka, mara ya kwanza tangu jana yake.

"Alhamdulillahi. Ilikuwa imelegea. Baba yako ana haraka zake. Kesho tunakwenda."

Bibi akasema alhamdulillahi naye. Mama akaenda kunawa.

Nilibaki pale nimeshika kibakuli cha unga. Nilikuwa nikiwaza: nikisema, baba atajua mimi ni mwongo. Nisiposema, kesho bibi atakaa kiti cha nyuma na mto wake. Niliwaza labda kukaza kunatosha. Nilitamani sana kuamini hivyo. Kisha bibi akanitazama, akauliza, "Mbona umekauka, mwanangu? Unaumwa?"

Nikaenda bafuni. Mama alikuwa anajisugua mikono.

"Mama, haikulegea. Umebaki mpira wa zamani."

"Nani kakwambia?"

"Baba aliniambia niangalie. Sikuangalia. Nilimwambia nimeangalia."

Maji yaliendelea kumwagika. Nilisubiri kofi, na sikuwa hata nalikataa. Mama alifunga mfereji, akajifuta.

"Kalete beseni," alisema.

Tuliingia chini wote wawili. Alipoifungua filta, oili ilishuka kwa nguvu kuliko tulivyodhani, beseni likaniponyoka, nusu yake ikamwagika sakafuni. Mama aliipindua filta chini ya taa: mpira wake upo. Akapitisha kidole juu kwenye injini, akabandua mpira wa pili, umekuwa bapa, mweusi, kama kikuku cha mtoto mchanga. Akautia kiganjani mwangu, akaendelea na kazi.

Jumamosi alisimamisha gari mara mbili njiani kuangalia chini. Pakavu. Nilikuwa pembeni ya bibi, na mahali fulani kabla ya Ibra alinishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini, mama asisikie:

"Ulikuwa utanyamaza?"

"Sijui, bibi."

Akatikisa kichwa, akauacha mkono wake ubaki pale pale.

Baba aliporudi, nilijificha chumbani mpaka akaniita. Alikuwa kwenye banda, taa mkononi. Mama alikuwa ameshamweleza. Hakunigombeza. Aliingia chini yeye kwanza, akanipa nafasi ubavuni mwake, akaushika mkono wangu na kuupeleka mpaka pale pa duara kwenye injini.

"Ungeniambia unaogopa," alisema. "Kazi ilikuwa yangu."

Bibi aliishi majira mawili mengine ya tende. Gari ile aliinunua mtu wa Adam, akawa anapakilia mbuzi. Hospitali sasa watu wanapelekwa na madereva, na mama hashiki tena usukani, macho yamepungua. Wanangu wanamwita jadda, yaani bibi, wanamjibu kwa Kiarabu, na akiwaambia neno la Kiswahili wananitazama mimi niwafasirie. Siku hizi tunaogopa kila mtu na lake, chumbani kwake, mlango umefungwa na kiyoyozi kinanguruma. Wakati ule hofu ilikuwa moja, na tuliikabili watu watatu kwenye ua mmoja, mmoja chini ya gari, mmoja kwenye kiti, mmoja ameshika unga.