Mtunza Makaburi wa Mikindani

Siku hizi makaburi hujengwa kwa saruji na kubandikwa marumaru kama vyoo vya hoteli. Mtunzaji wa makaburi ya zamani ya Mikindani bado anachoma matumbawe kupata chokaa, na huipaka kwa kiganja, polepole, kama anayempaka mtoto mafuta. Ngozi ya viganja vyake imebabuka. Akifika langoni huvua ndara, huwatolea salamu waliolala, kisha humpisha kenge anayeota jua njiani.

Juzi alikuja Fatemazehra, mwenye duka mjini Mtwara, amepakia saruji garini ili kuziba ufa wa kuba la kaburi la babu yake. Ndani ya ufa bundi alikuwa ameangua makinda.

“Watoe, mzee. Bundi ni uchuro.”

“Uchuro kwa nani, mwanangu? Babu yako hajalalamika.”

Fatemazehra akacheka bila kutaka. “Wataruka lini?”

“Mwezi ujao. Nitaziba mwenyewe, kwa chokaa.”

Fatemazehra akasogea, akachungulia. Makinda wawili wakamsonya.

“Hawana adabu,” akasema, uso umemchangamka. “Kama babu mwenyewe! Waache, mzee.” Akaondoka na saruji yake.